Kuku wa Waliokataliwa

Nafundisha Kiingereza kwenye shule ya sekondari hapa Kibaha, karibu na barabara kuu, kiasi kwamba lori zito likipita lazima ninyamaze mpaka litokomee ndipo niendelee na maana ya neno. Kila mwaka kidato cha tatu wanafika kwenye maneno ya kukataa, na kila mwaka nayapa vipindi vingi kuliko yanavyostahili. Mwalimu wa taaluma ameshaniuliza kuhusu hilo. Nilimwambia ni maneno yatakayowafaa baadaye maishani, akakubali, kwa sababu na yeye ameshawahi kuomba kazi.

Nawaandikia ubaoni. Reject ni kukataa kitu baada ya kukipima ukaona hakifai: maombi ya kazi, embe lililooza, wazo la mtu kwenye kikao. Refuse ni kukataa kwa msimamo, mdomo umekazwa: mtoto kaapa hali chakula, shahidi hasemi. Turn down ni hiyo hiyo ya kuongelea na marafiki, usiiandike kwenye barua ya serikali. Decline ni kukataa kwa adabu, na hutumiwa sana na watu wanaoalikwa sana. Deny wanaikosea kila mwaka, kwa sababu ni kukana kwamba jambo ni kweli, na pia ni kumnyima mtu kilicho haki yake. Rebuff ni kumkata mtu aliyekujia na tabasamu. Spurn naiweka mwisho. Ni kukataa kwa dharau, na kwenye vitabu humpata zaidi yule aliyependa.

Kisha wanatunga sentensi. Mwaka huu mmoja aliandika kwamba golikipa alidecline mpira. Mwingine aliandika kwamba tumbo lake lilireject maharage ya shule, nikampa alama zote, maana hata mimi nayala. Msichana mmoja akauliza kwa nini Waingereza wajipe taabu yote hiyo wakati sisi tuna kukataa, na linatosha. Wenzake wakamrukia: kuna kutoswa, kuna kupigwa chini, kuna kupigwa kibuti, kuna kula za uso. Niliwaambia hayo hayamo kwenye mtihani. Sikuwaambia kwamba nimekulia kwenye nyumba ambayo hata hilo kukataa halikuwahi kutumika.

Nyumba yenyewe iko Maneromango. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa amestaafu na ni mzee wa usharika. Mama alifariki nikiwa chuoni, na tangu hapo Baba anaishi na dada yake mkubwa, shangazi yangu, aliyerudi kutoka Chole kuja kumtazama. Kila Ijumaa vipindi vikiisha naondoka Kibaha, napitia Kisarawe mjini, nafika kwa Baba jioni. Jumapili baada ya ibada narudi. Barabara ya kwetu mvua ikinyesha haina maelezo, lakini nimeizoea, na hata madereva wamenizoea.

Baba hakuwahi kumwambia mtu hapana. Akiombwa kuazima eneo la shamba husema, "Tuombe uzima." Akiombwa awe mwenyekiti wa kamati husema, "Ni jambo zuri sana hilo," na hapo mwenye akili anamtafuta mwenyekiti mwingine. Fundi akitaja bei ya paa, Baba husema, "Nimekusikia, fundi," na fundi anafunga begi lake. Watu wa Maneromango wote wanaelewa. Mgeni tu ndiye anayerudi kesho yake kuuliza wamefikia wapi.

Kuhusu posa, Baba hasemi hata hayo. Posa kwetu inajibiwa jikoni. Nilichelewa kulijua hili, na sina cha kujitetea, kwa sababu jikoni ndiko nilikokuwa.

Wa kwanza kuniposa alikuwa mfanyabiashara wa Kisarawe. Washenga wake walikuja, wakaketi sebuleni, wakaweka mezani posa yao iliyofungwa kwenye leso. Baba akainua sauti kidogo kuelekea uani akasema, "Dada, wageni wametoka mbali." Shangazi akakamata jogoo. Mimi nikamnyonyoa, nikakaanga vitunguu, nikapika wali wa nazi. Wageni walikula mpaka wakafungua mikanda. Wakaondoka wamefungashiwa mihogo na nanasi, na sikuwaona tena. Baadaye akaja muuguzi wa Mzenga, washenga wake nao wakala jogoo. Akaja mwinjilisti, naye tukamchinjia. Nilihuzunika kila mara, lakini nilihitimisha kwamba wanaume siku hizi hawana msimamo.

Halafu akatokea bwana shamba.

Ni msharika wa hapa Kibaha, na alikuwa akija shuleni kila Jumanne kuwafundisha wanafunzi bustani ya mboga. Ni mtu mzima, mrefu, mpole, anayeweza kuizungumzia mbolea ya kuku kwa muda mrefu bila mtu kumwuliza. Kwao ni Mlandizi, na ukoo wake wote ni wakulima. Sitaeleza jinsi tulivyopendana kwa sababu hakuna la kueleza. Tulikuwa tukipanda mchicha. Ilifika siku nikagundua kwamba Jumanne asipokuja nawagombeza wanafunzi bila sababu, na nikajua kwamba namtaka. Nilikuwa sijawahi kumtaka mtu kwa namna ile, na katika umri wangu sikuwa na hakika kama ingetokea tena.

Washenga wake walikuja Maneromango Jumamosi, wakiongozwa na baba yake mdogo, mzee mnene mwenye kicheko. Mimi nilikuwa uani nanyonyoa jogoo, na nilikuwa naimba.

"Unaimba nini?" shangazi aliuliza.

"Nyimbo tu, shangazi. Si unaona tumechinja."

Akavuta kigoda akakaa mbele yangu. "Wewe mtoto, umesoma mpaka chuo kikuu. Hukuwahi kujiuliza kwa nini unanyonyoa kuku na huolewi?"

Akanieleza huku tukiendelea na kazi, maana maji ya moto yalikuwa yanapoa. Kwetu, mtu unayemkatalia binti lazima umshibishe. Akienda na njaa na aibu pamoja, atakusema njia nzima, na ugomvi utarithiwa na wajukuu. Kwa hiyo anapewa kilicho bora, anashiba, anafungashiwa, na tumbo lake linamjulisha mengine taratibu akiwa njiani. Anayekubaliwa hachinjiwi. Huyo ameshakuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani anakula kilichopo. Baba akikubali atauliza tu, "Dada, kuna nini huko jikoni?" na shangazi atapeleka muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Baba mwenyewe na wajomba zake walipokwenda Chole kumposa mama walipewa muhogo mkavu bila hata nazi. Walirudi wakishangilia.

"Kwa hiyo huyu," nilisema, nikimwonyesha jogoo.

"Huyo ni wa nne," alisema shangazi. "Nyonyoa na mabawa."

Nikanyonyoa na mabawa. Sijui niseme nilijisikiaje. Nilikuwa na hasira iliyonifanya niwe makini sana, na yule jogoo alitoka msafi kuliko wote waliomtangulia. Sebuleni nilimsikia mzee mnene akisifia mchuzi. Asubuhi yake, kabla ya ibada, nilimwuliza Baba amewaonaje wageni.

"Watu wazuri sana," alisema, akatafuta kofia yake.

Jumatatu saa ya mapumziko nilifungua simu nikakuta nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp linaloitwa Kamati ya Harusi. Picha ya kundi ilikuwa jogoo wetu, kwenye sinia, kabla hajaliwa. Watu wa Mlandizi, ambao hata sikuwajua, walikuwa wanabishana kuhusu rangi ya sare. Mzee mnene alikuwa ameandika kwamba ukoo umepokelewa kwa heshima ambayo hajaiona tangu azaliwe. Nilikaa pale kwenye chumba cha walimu nikiwa mtu aliyekataliwa na wakati huo huo mjumbe wa kamati. Kujitoa sikuweza, maana ukijitoa kila mtu anaona.

Bwana shamba alikuja Jumanne. Tulisimama kwenye tuta la nyanya, wanafunzi wakimwagilia upande wa pili.

"Madam, tumekubaliwa," alisema.

"Mmekataliwa."

"Tulikula kuku."

"Ndiyo maana."

Nikamweleza yote, mpaka muhogo wa Chole. Alisikiliza bila kunikatiza, kama anavyowasikiliza wakulima. Nilipomaliza aliuliza kama kwa Kiingereza hiyo ingekuwa reject. Nikasema hapana, nadhani ni decline, kwa kuwa kulikuwa na wali wa nazi.

"Decline ndiyo ile ya heshima?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi kama ni ya heshima tunaweza kurudi." Akainama kung'oa jani lililokuwa na madoa. "Mimi kazi yangu ni hii, madam. Wakulima wote wananiambia ndiyo, bwana shamba, asante sana, bwana shamba. Nikirudi msimu mwingine hakuna aliyepanda kwa mstari hata mmoja. Sijawahi kuambiwa sitaki, na shamba sijawahi kuliona limelimwa. Baba yako namwelewa vizuri tu. Wewe ndiye sijakusikia. Wewe unataka?"

Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Tutaona."

Alisubiri. Mimi ni binti wa Maneromango na nimelelewa na yule mzee, maneno hayo yako kinywani mwangu kabla yangu. Wanafunzi walikuwa wameacha kumwagilia ili wasikie vizuri.

"Nataka," nilisema. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyodhani.

Akarudi Mlandizi kumweleza baba yake mdogo kwamba posa ilikataliwa. Mzee hakukubali. Mtu hawezi kukuchinjia jogoo halafu akukatae, alisema, huo ni uharibifu wa jogoo. Kwa hiyo washenga walipokuja Maneromango mara ya pili, hawakuja kuomba tena. Walikuja kuulizia tarehe.

Mvua ilikuwa imenyesha, na walifika wamechafuka matope mpaka magotini, gari lilikuwa limenasa njiani wakalisukuma. Nilikuwa nimeshazungumza na Baba asubuhi ile, au niseme nilikuwa nimejaribu. Nilimwambia mtu huyu namtaka. Baba alisema ni jambo zuri sana hilo. Nilimwambia Baba, nakuomba. Alisema tuombe uzima. Nikatoka uani kabla sijamkosea adabu.

Sasa nilisimama mlango wa jikoni nikisikiliza. Mzee mnene alisalimu, akaulizia mazao, akaulizia afya ya kila mtu, kisha akasema familia ya kijana inaomba kujua siku ambayo wazazi wa binti wataona inafaa. Shangazi aliacha kupepea moto. Mihogo ilikuwa imeiva, niliichemsha mwenyewe tangu asubuhi na kuifunika, na sikuwahi kuombea chakula kama nilivyoiombea ile mihogo.

"Dada," Baba aliita. "Wageni wametoka mbali."

Shangazi hakunitazama. Alikwenda nyuma ya nyumba, na baada ya muda nikasikia kuku wanatimka.

Nilipika. Wengine wangekataa kupika, nami nililifikiria hilo, lakini wageni walikuwa wamesukuma gari. Niliandaa sinia, shangazi akalipeleka. Kisha nikachukua jagi na beseni la kunawia, kazi ambayo binti anayeposwa haifanyi, hutakiwa akae ndani. Shangazi alinyoosha mkono anizuie, halafu akaushusha.

Nikaingia, nikasalimu, shikamooni, wakaitika marahaba kwa mshangao. Nikapiga magoti kwa kila mmoja nikamnawisha. Baba alikuwa wa mwisho kwa kuwa ndiye mwenyeji. Alinyoosha mikono juu ya beseni bila kunitazama, na mimi sikumwaga maji.

"Baba," nilisema, "kwa nini unawakatalia?"

Sikupandisha sauti, lakini sebule yetu ni ndogo. Mzee mnene, mikono ikimdondoka maji, aliwatazama wenzake.

"Kwani tumekataliwa?"

"Hakuna aliyekataliwa hapa," Baba alisema. "Karibuni chakula."

"Lakini mzee, binti mwenyewe anasema."

"Nyinyi ni watu wazuri sana," Baba alisema, na shangazi mlangoni akashusha macho.

"Baba, sema," nilimwambia. "Kama hawafai sema hawafai. Kama ni mimi, sema ni mimi. Nimenyonyoa kuku wote wale. Nilidhani wanaume wananikimbia. Nilidhani nina kasoro ambayo kila mtu anaiona isipokuwa mimi. Sema tu, nisikie."

Baba aliangalia mikono yake iliyokuwa bado juu ya beseni, mikavu. Nilidhani atasema tuombe uzima, na nilikuwa nimeamua kwamba akisema hivyo nitamwaga maji sakafuni.

"Sitaki," alisema.

Nadhani hata yeye mwenyewe alikuwa analisikiliza neno hilo.

"Sijawatazama nyinyi mkoje," aliwaambia wageni. "Hata mngekuwa malaika sitaki. Huyu mama yake alipofariki nilibaki naye. Dada yangu yupo, namshukuru, lakini dada yangu ananisimamia nimeze dawa. Huyu anakuja ananisomea gazeti, nasema waandishi waongo, ananibishia. Tunabishana mpaka chakula kinapoa. Mimi wiki nzima naingoja Ijumaa. Alhamisi nafagia uwanja. Mkimchukua, Ijumaa inakuwa ya kwenu. Sitaki."

Mzee mnene alikausha mikono kwenye suruali yake yenye matope. Alikuwa ameacha kucheka, na uso wake bila kicheko ulikuwa uso wa mtu mzima anayejua msiba. Alisema, "Mzee mwenzangu."

Mimi nililia. Nililia kwa kumwonea huruma, na nililia kwa hasira, kwamba neno dogo kama lile amelikalia miaka yote mpaka limekuwa na uzito wa nyumba. Angeniambia nilipoposwa mara ya kwanza ningemjibu. Ningemwambia Baba, nitakuwa nakuja. Wakati ule ingekuwa rahisi kusema na kutimiza, nilikuwa kijana, na huyo mfanyabiashara alikuwa Kisarawe hapo hapo.

"Nimekusikia, Baba," nilisema. "Na mimi sitaki kubaki. Nataka kuolewa na mtu huyu."

Aliinua macho akanitazama, na nilijua kwamba amenisikia, si kama anavyomsikia fundi. Kisha akawageukia wageni.

"Mmemsikia mwenyewe," aliwaambia. "Ni mwenzenu. Tarehe pangeni nyinyi, mtanijulisha."

Mzee mnene akataka kuinuka amshike mkono, wenzake wakamvuta akae. Nikainamisha jagi. Maji yakaanza kuteremka kwenye vidole vya Baba, naye akavisugua taratibu kama kawaida yake, kidole kimoja kimoja. Akainama karibu nami, akauliza kwa sauti ambayo wageni hawakuisikia.

"Na Ijumaa?"

Nilifikiria kutoka Mlandizi mpaka pale. Nilifikiria barabara, na mvua, na nyumba yenye mume ndani yake, na watoto Mungu akijalia.

"Nitakuwa nakuja, Baba," nilisema. "Nikipata nafasi."

Mikono yake ilisimama. Angeweza kuniambia, sema. Alikuwa na haki hiyo kuliko mtu yeyote, na mimi ndiye niliyetoka kumfundisha mbele za watu.

"Haya, mwanangu," alisema, akaitoa mikono yake kwenye maji.